Mawe ya Nyuma ya Kaburi la Babu, Kabambare

Shangazi Zuhura ndiye aliyenituma Kabambare. Miguu yake haikumbeba tena, na habari zilikuwa zimefika Kasongo kwamba wazungu wanapitisha barabara kwenye makaburi ya zamani. Baba yake, yaani babu yangu, mfanyabiashara wa pembe za ndovu, alizikwa huko.

"Wewe unapiga picha za arusi za watu," aliniambia. "Kanipigie na kaburi la baba, nilione kabla kamyo hazijapita juu yake."

Asubuhi nilipanda kamyo, lori la kubeba pamba. Njiani tulikwama matopeni, tukasukuma hadi nguo zikawa na rangi moja na barabara.

Kabambare, kaburi sikulitafuta sana. Chokaa yake ilionekana toka mbali. Nilikuwa nafungua kamera wanaume watatu walipotoka shambani na mapanga.

"Funga ile kitu!" mmoja alifoka. "Muzungu alikuja na sanduku kama hii. Nyuma yake wakapanda vijiti vya kupima barabara."

"Mimi si mutu wa barabara. Huyu ni babu yangu."

Nilidhani neno hilo litaniokoa. Kumbe ndilo lililowachoma. Kamera ilinyakuliwa, nikabaki mikono mitupu.

Ndipo akaja mama mzee, mlinzi wa makaburi yale, wanaume wakampisha. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya kaburi. Ndani ya majani marefu mlikuwa na mawe madogo, mengi, yasiyo na jina.

"Babu yako alileta hawa watumwa na kamba mu shingo. Njaa ikawamaliza hapa. Sisi Wabangubangu, watu wa hapa, tukawazika. Ukipiga yeye, piga na hawa. Ukikataa, kamera inabakia."

Nilirudishiwa kamera. Nikarudi kinyumenyume, mapanga yakiwa mgongoni kwangu, hadi mawe yote yakaenea kwenye picha na kaburi la babu likawa dogo pembeni. Nikapiga.

Kasongo, niliogopa kumpelekea shangazi picha ile. Nilipompa, aliisogeza karibu na macho.

"La baba ndilo hili. Na haya?"

Nikamweleza, macho chini, nikingoja anifukuze. Akapitisha kidole juu ya mawe, moja baada ya jingine.

"Mama yangu, bibi yako, alikuja na kamba ileile," alisema. "Dada yake aliangukia huko Kabambare. Mama alikufa hajui kama dada huyo alizikwa."

Nilikwenda kutafuta kaburi moja la ukoo wetu. Kumbe tuna mawili, na la pili hatutajua kamwe ni jiwe lipi.