Gari Pekee Ambalo Bisibisi Hakulichoma

Jina lake la kuzaliwa walilitumia mkewe na mama mkwe wake tu. Wengine wote walimwita Bisibisi, naye hakukasirika, maana alijitafutia mwenyewe. Mpelekee gari, mwambie unataka lipakwe dawa ya kutu chini, hakujibu. Alilala chali uvunguni, akatoa bisibisi yake ya mpini wa mbao, akaanza kuchoma bati: ko, ko, ko. Ikilia vizuri mara tatu, alitoka. Ikizama, aliendelea kuchoma mpaka ajue ugonjwa umefika wapi. Wateja walipiga kelele, "Fundi, unanitobolea gari!" Naye aliwajibu, "Kama limetobolewa na bisibisi, bwana, hukuwa na gari. Ulikuwa na rangi."

Mkewe alikuwa mshonaji hodari, mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake, mpaka mgongo ulipomwangusha. Operesheni ilimwachia uhai, lakini miguu ikafa ganzi, na mgongo wenyewe haukukunjika tena. Kumkalisha kwenye kiti cha gari la kawaida ilikuwa mateso. Walijaribu mara moja, akapiga ukelele majirani wakatoka nje. Na mama yake, bibi kizee asiyeinuka kitandani, alikuwa mwendo wa saa mbili, barabara ya mawe matupu. Ilipita miezi kumi na minne mtu na mama yake hawajaonana.

Bisibisi akanunua gari la mizigo lililogongwa. Akaikata sakafu, akaishusha shibiri moja na nusu, akaweka bati la kuteremka kwa nyuma, ili mkewe aingie akiwa juu ya kiti chake cha magurudumu na kifungwe humo humo kwa vyuma. Mwaka mzima na nusu, jamani, kila siku baada ya kumaliza kazi za watu! Mafundi wenzake walimcheka. "Bisibisi, hilo ni gari au kabati?"

"Kabati," alisema. "Naweka vyombo vya thamani."

Ikabaki kupaka chini. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuwa na duka la rangi. Akamwekea makopo mawili mezani.

"Hii ya kuzuia kutu, shemeji, unapaka, unasubiri siku tatu ikauke. Halafu kila mwaka unapitisha mafuta mazito. Ni uchafu mtupu, inavuta vumbi, lakini chuma chako unakiona. Hii nyingine ni lami. Inakauka leo leo, na inanyamazisha mawe. Ila kitakachobaki chini yake hutakiona tena."

Sasa sikia. Walipolijaribu gari lile, kila jiwe liligonga sakafu chini ya mkewe, na kila jiwe lilimpanda uti wa mgongo. Alifumba macho njia nzima, asiseme neno. Na siku hiyo ya makopo ilikuwa Ijumaa. Jumamosi mkewe alikuwa ameahidiwa kupelekwa kwa mama yake. Uvungu wenyewe Bisibisi alikuwa ameuosha asubuhi hiyo hiyo, maji bado yamo kwenye maungio. Mtu aliyewafukuza wateja ishirini kwa kosa hilo la kutaka maji yafungiwe chini ya rangi! Akachukua lami, akapaka nene. Bisibisi ikabaki mfukoni. Chuma nimekichomelea mwenyewe, alijiambia, nikichome cha nini? Mganga hajigangi, na mimi ninayekusimulia, hasira zangu juu ya jambo hilo hazijaisha.

Lakini siwezi kusema hawakufaidi. Miaka miwili ya Jumamosi. Mawe yalinyamaza. Mkewe alimsuka mama yake nywele, wakasengenya watu waliokwisha kufa zamani, wakacheka mpaka bibi akakohoa.

Kisha Jumamosi moja mvua ilinyesha njia nzima. Walipofika nyumbani, Bisibisi alimvua mkewe soksi, zikachuruzika maji ya rangi ya chai.

"Mbona zimelowa hivi?"

"Mimi nitajuaje, mume wangu? Hiyo miguu si nilikuachia wewe?" Mkewe akacheka.

Yeye hakucheka. Wiki nzima alijidanganya: labda mlango, labda mwamvuli. Jumamosi iliyofuata, mkewe akiwa tayari ndani ya gari, kiti kimefungwa, shali aliyomfumia mama yake mapajani, Bisibisi akashindwa kuwasha.

"Ngoja niangalie kitu kidogo," alisema.

Alilala chali. Lami ilikuwa nyeusi, laini, inang'aa. Akachoma. Bisibisi ilizama mpaka kwenye mpini, na maji ya kutu yakamwagikia usoni. Akachoma pembeni, akachoma penye vyuma vya kushika kiti, akachoma chasi. Kote kumeoza. Kuchomelea bati jipya kunataka chuma kizima cha kulishika, na yeye hakupata hata upana wa kiganja. Kutengeneza jingine ni mwaka na nusu. Jumamosi iliyopita mama mkwe alishindwa kumaliza vijiko vitatu vya uji.

"Mume wangu," sauti ikatoka juu.

"Naam."

"Umechoma mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mimi nimehesabu. Miaka thelathini naisikia hiyo bisibisi yako. Gari zima ni mara tatu. Hapa umechoma ishirini na sita, na haikulia hata mara moja."

Kwenye tundu alilotoboa, Bisibisi aliiona soli ya kiatu cha mkewe. Akapitisha kidole, akaigusa. Mkewe hakujua.

"Leo tu?" mkewe akauliza. "Polepole?"

"Haiwezekani. Utaanguka barabarani."

Alimsikia akikunja shali, akiikunjua, akiikunja tena.

"Basi nishushe," mkewe akasema. "Shali umpelekee wewe. Mwambie nina mafua, nitakuja Jumamosi."