Nambari ya Mwalimu Zadock

Mwalimu Zadock wa Rongo hakuwa na ng'ombe wengi wala nyumba ya kuringia, lakini alikuwa na nambari yake: milioni moja na moja. Miaka kumi na sita akifundisha hesabu, hakuna kidato ambacho hakikuisikia. "Hii ni nambari tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe!" Aliwahi kuijaribu likizo nzima kwa nambari tasa moja baada ya nyingine, mbili, tatu, tano, saba, hadi tisini na saba. Zote zikabakisha. Akaweka kalamu chini, akaridhika.

Mwaka wa tisini na nne akaja Nyamoita, binti wa Kikuria, katoka chuoni juzi tu. Yawa! Wanafunzi wakahamia kwake na maswali yao yote. Kipya kinyemi, Zadock akajifariji, lakini wapi! Alipowasikia wakicheka darasani kwa Nyamoita, aliiacha chai yake ikapoa. Ulikuwa wivu mtupu, tusifichane. Hata mwandiko mzuri wa yule binti ulimuudhi.

Kisha nafasi ya mkuu wa idara ya hesabu ikawa wazi. Zadock alikuwa ameingojea tangu aajiriwe, na sasa majina yalikuwa mawili, lake na la Nyamoita. Siku ya kikao akasimama mbele ya walimu wote, akaandika ubaoni 1,000,001.

"Huyu dada atuambie inagawanyika kwa ngapi."

Nyamoita akaitazama nambari, kisha akamtazama Zadock. "Sijui, Mwalimu."

"Haigawanyiki! Na hajui!"

Walimu wakacheka. Mwalimu mkuu akampa Zadock cheo siku hiyo hiyo.

Wiki iliyofuata, Zadock akikagua madaftari kwa madaha ya mkuu mpya, akafungua la Roselyn wa kidato cha tatu. Msichana alikuwa ameandika, kama alivyofundishwa, kwamba milioni moja na moja ni tasa. Chini yake, kwa wino mwekundu wa Nyamoita na tarehe ya mwezi mmoja kabla ya kikao: "101 × 9,901. Usimwambie Mwalimu Zadock."

Akazidisha papo hapo. Ikatoka sawasawa. Mia na moja, jamani, ndiyo tasa inayofuata tisini na saba! Angejaribu mara moja tu zaidi angeipata.

Akamfuata Nyamoita uwanjani. "Ulijua! Mbona ulinyamaza?"

"Mwalimu, wewe umekingoja cheo hiki miaka kumi na sita. Mimi nitapata kingine tu."

Alisema kwa heshima, bila kiburi hata chembe, na hilo ndilo lililomchoma. Heri angemuumbua mbele ya kikao kizima. Zadock akarudi ofisini, akafunga mlango, akakaa kwenye kiti alichokitamani maisha yake yote, akimwonea wivu binti aliyeweza kukiacha hivi hivi.