Ubeti wa Tatu wa Gundi

Ulikuwa mwaka ule maktaba ilipopakwa rangi ya kijani. Hapana, tuseme kweli, kijani kilikuja mwaka uliofuata. Mwaka wenyewe ni ule paa lilipovuja, vitabu vikaletwa kwa Gundi vimevimba kama mikate.

Gundi ni jina alilopewa na watu, maana vidole vyake havikuacha kunata. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, mwenye kichumba chake nyuma ya maktaba, na Jumapili mchana alipiga gitaa na kuitungia nyimbo bendi ya mtaani. Nyimbo alizitoa humo humo vitabuni. Anashona, anasoma, anaguna. Akiguna mara ya pili, mkewe, aliyekuwa akikata vitambaa vya majalada meza ile ile, anajua wimbo umeshaingia.

Basi kati ya vile vilivyolowa kikaja kitabu cha hadithi, hakina jalada, hakina jina, kurasa za mwisho zimeoza. Humo mwanamume aliyemkimbia mkewe zamani anarudi, sanduku mkononi. Anapiga hodi. Ndani taa inawaka. Mke anainuka, anashika kitasa, na hapo kitabu kimekwisha.

Gundi akatunga beti mbili kwa mkupuo. Wa tatu ukagoma.

"Alifungua?" akamuuliza mkutubi.

"Mzee wangu, hicho hata mimi sijakisoma."

Shemeji yake, mdogo wa mkewe, ndiye aliyekuwa mwimbaji. "Afungue, shemeji! Mtu kabeba sanduku zima!"

Mkewe akasonya, akaendelea kukata kitambaa.

Kiongozi wa bendi, waliyemwita Kapteni, hakuwa na mzaha. "Gundi, huu wa tatu unatuachia kiporo. Jumapili usipokamilika, tunapiga nyimbo za watu, na wewe tafuta pa kupigia hilo gitaa."

Neno hilo lilimchoma. Vitabu vyote alivyoshona maishani vilikuwa vya wengine. Nyimbo tu ndizo zilizokuwa zake.

Ijumaa akatoka kutembeza kichwa. Kwenye ukuta wa kinyozi akamkuta mchora mabango juu ya ngazi, anamalizia picha ya mlango wa buluu, mzuri hata unatamani kuugonga.

"Ndugu yangu, nyuma ya huo mlango kuna nani?"

"Nimechora mlango, Gundi, sijajenga nyumba. Watu wa ndani walete wewe."

Gundi akacheka mpaka kinyozi akatoa kichwa nje. Akarudi kichumbani, akakitazama kile kitabu. Desturi yake, kurasa zikipotea, hushona karatasi tupu badala yake, ili mgongo wa kitabu ukae sawa. Hata hiki alishakifanyia hivyo, kwa mikono yake mwenyewe, na akili isimwambie kitu! Wimbo nao si una mgongo?

Jumapili ukumbi ulijaa. Shemeji akaimba beti mbili. Wa tatu ukawa mistari miwili tu, mtu yuko mlangoni, taa inawaka. Akaita, "Hodi!" Bendi yote ikanyamaza. Kapteni akageuka kumtazama Gundi kwa jicho la kumla mzima.

Kisha bibi mmoja wa mbele akapaza sauti: "Rudi ulikotoka!" Ukumbi ukalipuka. Huku "Karibu!", huku "Sanduku liache, wewe nenda!" Wanaume wakabembeleza, wanawake wakawazomea, ngoma ikaingia, na watu wakacheza wakiwa bado wanabishana. Wakaurudia mpaka shemeji akakauka koo.

"Usije ukaumaliza huu," Kapteni akamwambia Gundi, anajifuta jasho. "Na mwingine kama huu lini?"

Gundi hakusikia vizuri. Katikati ya zogo lile alikuwa amemwona mkewe, kule nyuma karibu na dirisha, naye amesimama, mdomo wazi, anajibu kwa nguvu zake zote. Sauti haikumfikia.

Wakiwa njiani akamuuliza, mkewe akacheka. Akamuuliza mezani, kitambaa kikikatwa. Miaka imepita, wajukuu wanauimba wimbo, na bado Gundi akishika sindano humtupia swali lile lile:

"Mama watoto, siku ile ulisema karibu, au ulisema nini?"