Lango la Magige

Magige analima ndizi Nyamwaga na kuziuza Nyamisangura. Tangu wanunuzi wa Kenya wazuiwe mpakani, hamalizi siku bila kumsema waziri wa mambo ya nje, na wateja huacha kuchagua mikungu wakamsikiliza.

"Jirani hajibiwi kwa matamko," alisema Jumamosi moja. "Mkigombana unamwendea, unakaa kwenye kigoda chake, mnaongea. Viongozi wetu wamejifungia ofisini, wanangoja aombe radhi!"

Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akacheka, "Wakupe ubalozi, mzee!"

"Wampe," sauti ikasema nyuma ya Magige. Alikuwa Nyamohanga, kaka wa mkewe, aliyevuka kutoka upande wa Kenya. "Ila shemeji, nilipokuja kumaliza ugomvi wetu wa malisho, nilisimama langoni kwako mpaka jua likazama. Ulimtuma dada yangu aseme hupo, nami nilikuona unafunga ng'ombe."

Makofi yakakoma. Shemeji hasimamishwi langoni. Hata mwenye kinyongo huingizwa kwanza, ndipo aulizwe. Magige alilijua hilo, na kila aliyekuwa pale alilijua. Akainama juu ya ndizi zake, akazigeuzageuza bila kuziona.

"Hata hivyo waziri amekosea," alinong'ona.

"Amekosea kweli," Nyamohanga alisema. "Leo utakuwepo nyumbani?"

Magige akafunika mikungu kwa turubai, akatangulia njiani bila kuinua uso, ili awahi kufungua lango kwa mkono wake mwenyewe.