Askari wa Jiwe Aliyeandikwa "Ngozi"

Mwaka wa pili wa korona, mitaa yetu ya magharibi mwa Sydney ilipofungwa, nilikuwa nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Merrylands. Wageni walikatazwa kuingia. Katika chumba cha mwisho alikaa mzee aliyefanya kazi ya makumbusho maisha yake yote. Macho yake yalikuwa yamefifia, na binti yake aliyezoea kuja kumsomea alikwama Brisbane. Nilimwita "Mzee" kwa Kiswahili. Alipojua maana yake, hakutaka tena jina jingine.

Kila siku nilipata mapumziko mafupi baada ya chakula cha mchana. Akaniomba nimweleze picha zilizokuwa kwenye sanduku lake, moja moja, ili kila moja iandikwe sawasawa nyuma. Zilikuwa za deraya, yaani mavazi ya kujikinga vitani, za askari wa Kirumi: nyingine zimechongwa kwenye mawe ya makaburi, nyingine ni vipande vilivyofukuliwa ardhini. Nilizoea upesi. Kuna deraya za mabamba ya chuma yanayozunguka kifua. Kuna za magamba kama ya samaki, yenye matundu ya kushonea. Na kuna za pete ndogo zilizofumwa moja ndani ya nyingine.

Siku moja nikashika picha ya askari wa jiwe ambaye vazi lake halikuwa na alama yoyote. Nikamsomea neno lililoandikwa nyuma: ngozi.

"Iache hivyo," Mzee akasema. "Niliandika mwenyewe."

Nikaitazama tena. Kule Bukavu nilikuwa fundi cherehani, na ngozi nimeishona sana.

"Mzee, hii si ngozi."

"Umejuaje?"

"Ngozi nene husimama. Hii imelegea juu ya mkanda, halafu chini imejikunja kama sweta zito."

Nilihofia nimemvunjia heshima. Kisha akauliza kama pindo limepasuliwa kwenye mapaja. Nikamwambia ndiyo, pande zote mbili.

"Basi ni pete," akasema polepole. "Vazi la pete hupasuliwa hapo ili miguu ipate nafasi." Akanieleza kwamba wachongaji wengine waliliacha jiwe likiwa laini, pete wakazichora kwa rangi, na rangi ikafutika kwa mvua na miaka. "Makumbusho wana nakala ya plasta ya askari huyu. Maelezo yake niliyaandika mimi, na watu wameyasoma miaka yote hii."

Kesho yake alinitamkia barua ya kuwapelekea watu wa makumbusho, nami nikaiandika. Nilipotaka kuruka sehemu inayosema kosa liligunduliwa na fundi cherehani kutoka Kongo, akanizuia. "Andika. Ndivyo ilivyokuwa."

Jibu lilikuja vizuizi vilipolegezwa. Binti yake, aliyekuwa amefika na barakoa yake usoni, ndiye aliyemsomea: maelezo yamebadilishwa, sasa yanasema huenda ni pete.

"Huenda!" Mzee akafoka. Alilalamikia neno hilo wiki nzima, kila nilipomletea chai.

Mwezi uliofuata nilihamishiwa ghorofa ya juu, na picha zilizobaki wakazimaliza Mzee na binti yake.