Nyumba Ambayo Haikupiga Simu

Saa nane kasoro robo mchana, Mosul. Ghazwan Idris ameketi kwenye kreti la soda kando ya jenereta linalouuzia mtaa umeme, taulo lililoloa maji shingoni, kompyuta mapajani, simu juu ya pipa la dizeli. Joto ni nyuzi arobaini na nane. Jenereta linanguruma bila kumheshimu mtu anayesoma.

Simu inalia. Ni Abu Safwan, kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

"Ghazwan, umenizimia umeme na nina mtu kitini amenyolewa nusu kichwa."

"Mfunike kitambaa, ami. Dakika kumi na tisa tu."

"Leo dada yake anaolewa. Hivi wewe unasomea kompyuta au unasomea kututesa?"

"Yote mawili, ami. Ndiyo maana sijamaliza."

Kutomaliza kwenyewe si mzaha. Ghazwan ana miaka thelathini na mmoja na bado ni mwanafunzi wa mwaka wa nne wa sayansi ya kompyuta. Alikuwa mwaka wa tatu mji ulipotekwa mwaka 2014 na chuo kikafungwa. Baba yake, aliyeendesha jenereta hili hili, hakuvivuka vita. Ghazwan akarithi kreti.

Mwenye jenereta humlipa dinari laki nne na nusu kwa mwezi. Alirudi darasani mwaka juzi, akaketi na vijana wanaomwita "babu" na kunakili majibu yake. Kwa kanuni za kitivo, asipohitimu mwaka huu jina lake linafutwa.

Mradi wake wa mwisho ni programu inayoamua, jenereta linapozidiwa, nyumba zipi zizimwe kati ya arobaini na moja. Zamani uamuzi huo aliufanya kwa kidole, na kila aliyezimwa alikijua kidole ni cha nani.

Alizipanga nyumba kwa umeme zinaonunua: wa ampea nyingi mbele ya foleni ya kuwashiwa, wa ampea moja nyuma. Mafanikio akayapima kama ambavyo mtu yeyote wa jenereta angeyapima, kwa kuhesabu simu za lawama.

Mwezi Juni aliijaribu kwa wiki mbili. Simu zikashuka kutoka thelathini kwa siku hadi sita. Akachora grafu.

"Mama aliibandika ukutani karibu na picha ya marehemu baba," anasema. "Sikumzuia."

Siku ya kumi na tatu alisikia kwamba Hajja Shukriya, mjane wa nyumba ya mwisho, amelazwa. Insulini yake ya kisukari ilikuwa imeharibikia kwenye friji. Ampea yake moja ilikuwa mkiani mwa foleni, na kwa joto lile zamu haikumfikia. Mchana kutwa, siku kumi na mbili, nyumba yake haikuwa na umeme.

Alimkuta hospitalini ameketi, akilalamikia bamia za pale.

"Hajja, kwa nini hukunipigia?"

"Nilisikia una mtihani, mwanangu. Mtaa mzima unakupigia wewe. Nikasema angalau mmoja akunyamazie."

Kwenye grafu, kimya chake kilikuwa kimehesabiwa kuwa ni kuridhika.

Zilibaki siku tisa autetee mradi mbele ya kamati. Alimpelekea habari hizo Dk. Nidhal, mwalimu anayemsimamia, ambaye hana mazoea ya kupandisha sauti.

"Anayesubiri zamu isiyofika, darasani tunasema amepatwa na nini?"

"Njaa, daktari."

"Na swali hilo kwenye mtihani wangu ulipata ngapi?"

"Zote."

"Nakumbuka." Mwalimu akamrudishia karatasi za mradi. "Grafu yako ni nzuri. Kamati haitauliza habari za nyumba ya arobaini na moja."

"Kwa hiyo niipeleke?"

"Nimesema hawatauliza. Sikusema zaidi."

Ghazwan aliwaambia kabla hawajauliza. Kamati ya watu watatu ilimsikiliza, ikashauriana, ikamnyima alama na kumpa hadi duru ya pili, Septemba. Hakuna duru ya tatu.

"Walininyima kwa adabu sana," anasema. "Mmoja alinimiminia chai."

Sasa yuko siku ya nane ya jaribio jipya. Katika programu hii, kila dakika ambayo nyumba inasubiri huipandisha ngazi moja, hadi mwenye ampea moja ampite mwenye kumi. Anahesabu dakika za giza za kila nyumba. Lawama zimerudi hadi ishirini na mbili kwa siku, nyingi zikiwa za Abu Safwan.

"Grafu mpya haipendezi," anasema. "Ila humo ndani wamo watu wote."

Akifaulu, anataka kuwagawia bure programu hiyo waendesha jenereta wenzake wa upande wa mashariki wa mto unaoukata mji. Halafu anataka kiti chenye mgongo.

Kuna jambo moja alilomwomba Hajja Shukriya alipotoka hospitalini: ampigie kila siku saa nane kamili, umeme uwepo usiwepo.

Saa nane inafika. Inapita dakika moja, kisha mbili. Ghazwan amefunga kompyuta, macho kwenye simu. Dakika ya tatu anasimama na kuanza kuvaa viatu. Dakika ya nne simu inalia.

"Ulikuwa wapi, Hajja?"

"Nisamehe, mwanangu. Feni ilikuwa inazunguka, nikapitiwa na usingizi."

Ghazwan anaketi tena kwenye kreti, kiatu kimoja mguuni. Ng'ambo ya barabara, taa ya kinyozi inawaka.