Mama Alivyochukua Sampuli ya Kitabu

Kila nikifungua kitabu kipya na ile harufu ya gundi ikanipanda puani, nakuwa tena msichana aliyetoka kumaliza kidato cha nne, nimesimama dukani mjini Kahama, sijui nishike kipi niache kipi. Usinicheke, msomaji. Wenzangu walichanganyikiwa kwa mapenzi. Mimi nilichanganywa na vitabu viwili vya kalkulasi.

Nilikuwa nimejitangazia nyumbani kwamba nitasoma hisabati halisi, ile isiyojenga daraja wala kupima kiwanja. Mama alisema sawa, atanunua kitabu kimoja tu. Kikinishinda, nitafuata uuguzi kama dada yangu na mjadala utaishia hapo.

Balaa likaanza. Mwalimu wangu alisema nitafute kitabu kinachothibitisha kila kitu. Binamu yangu aliyekuwa chuo alisema hicho kitaniua, nianze na chenye majibu. Kwenye simu ya Mama nikakuta watu wasiojuana wanagombana: huyu anasema usikiguse hiki kabla ya kile, yule anasema aliyeanza na kile ameshaharibika. Nilisoma mpaka kichwa kikaniuma, nikajikuta najua kidogo kuliko nilivyoanza.

Mwenye duka, mzee wa Kihindi aliyezaliwa palepale mjini na kunishinda Kisukuma, alitupokea kwa "Mwangaluka, Mama Kabula!" Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku akiweka vitabu viwili mezani: chembamba kilichojaa maswali na majibu, na kinene kisicho na picha hata moja.

Sasa, Mama alikuwa mnunuzi wa mawe ya dhahabu kule Bulyanhulu. Gunia hakulinunua kwa kulitazama juu, maana wauzaji hupanga mawe mazuri juu. Alizamisha mkono hadi chini, akatoa jiwe, likatwangwa, likaoshwa kwenye karai, ndipo aseme neno. Basi na vitabu akavifanyia vivyo hivyo. Akaruka kurasa za mwanzo za kile chembamba, akachomeka kidole karibu na mwisho.

"Hapa panasema nini?"

Nikaeleza vizuri, kwa sauti ya darasani. Akachomeka pengine, nikaeleza tena. Nilijisikia fahari kweli.

Kikaja kinene. Ukurasa mzima ulithibitisha kwamba mstari usiokatika, ukitoka chini ya sifuri kwenda juu yake, lazima upite kwenye sifuri. Nikashangaa. Nani asiyejua hilo? Nikasoma tena nione kinachofichwa. Kila sentensi niliielewa ikiwa peke yake. Zikikaa pamoja zilinipotea.

"Kabula, panasema nini?"

"Sijui, Mama."

Akamgeukia mzee, kile kinene mkononi. "Tufungie hiki."

Njia nzima hadi nyumbani Kagongwa nilinuna. Kwenye mawe, sampuli isiyoonyesha kitu hurudishwa kwa mwenyewe. Iweje kwenye vitabu anunue ileile? Niliamini ananitegea nishindwe ili niende uuguzi, na jambo hilo liliniuma sana. Likizo ile nilikiita kitabu majina nisiyoweza kuyaandika hapa. Nililia juu yake. Na bado kila asubuhi, nikishamaliza kufagia uwanja, nilikifungua, wala sikuelewa kwa nini.

Mwaka juzi, nikiwa tayari nafundisha hisabati chuoni, nilimuuliza Mama kwa nini alininunulia kile nilichoshindwa kukieleza. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho.

"Cha kwanza ulikuwa unanijibu mimi," akasema. "Cha pili nilikuita, nikakuita, hukunisikia. Mpaka yule mzee akacheka."

Miaka yote hiyo nimekuwa nikikumbuka kwamba aliniita mara moja tu.